Mbuzi wa Akidor

Ebenyo hakuwa mtu mbaya. Afadhali hilo lisemwe mapema, kwa sababu tukifika mwisho huenda pasiwe na mwenye hamu ya kulisema. Hakumpiga mkewe, hakulewa, na karo ya watoto aliilipa hata miezi ambayo serikali ya kaunti ilikalia malipo ya kazi zake. Kosa lake lilikuwa uoga, na uoga wenyewe haukuwa wa nyoka wala wa majambazi wa barabarani. Aliogopa kugawana.

Alianza maisha kwa kupakia mchanga wa mto Turkwel kwenye malori, akawa mwashi, kisha akawa kontrakta mdogo wa vyoo vya shule na kuta za zahanati. Alipofika umri wa kuota mvi alikuwa na nyumba ya mawe Kanamkemer, mjini Lodwar, na ng'ambo ya barabara ya vumbi alikuwa na ploti ya vyumba vya kupangisha, wapangaji wake wakiwa walimu na makarani. Watu walimwita bosi, naye hakuwakataza. Walichosahau watu hao, na yeye alikisahau mapema kuliko wote, ni kwamba mabati ya kwanza ya nyumba ile yalinunuliwa kwa mbuzi wa Akidor, mkewe.

Akidor alitoka upande wa Kakuma. Mbuzi wake walikaa kwa kaka yake mkubwa, Lokaale, karibu na laga ya Tarach, mto wa mchanga unaopitisha maji wakati wa mvua tu, na kila baada ya wiki chache alipanda gari kwenda kuwaangalia. Mjini Lodwar aliishi kama mke yeyote wa mjini, akapika, akalea watoto watatu, Christine akiwa wa kwanza, akaimba kwaya kanisani. Lakini ukitaka kumwona akicheka mpaka machozi, ulimwuliza habari za mbuzi, nani amezaa pacha na nani amekula shuka la mgeni. Ebenyo zamani alipenda kumwuliza.

Siku moja, akinywa chai hotelini na mafundi wenzake, Ebenyo alisikia habari ya mtu wa Lokichar. Mtu huyo alifanya kazi na makontrakta wa mafuta, akapata, akajenga, kisha akaachana na mkewe, na korti ikamkata nusu ya mali yake. Msimulizi aligonga meza kwa kiganja alipofika kwenye nusu. Wenzake walicheka, wakaagiza mandazi. Ebenyo hakucheka. Alirudi nyumbani, akamkuta mkewe amekaa mlangoni anachambua maharagwe, na badala ya kumwona mke akaiona ile nusu imekaa pale na ungo mapajani.

Akidor hakuwa na mpango wa kwenda popote. Lakini mtu akishatiwa hofu hana haja ya ushahidi, na Ebenyo alianza kumchunguza mwenzake kama anayemchunguza kibarua mgeni kwenye stoo ya saruji. Akiuliza kodi ya vyumba imeingia, ilikuwa ni nusu inauliza. Akisema ukuta wa jikoni umepasuka, ilikuwa ni nusu inapima ukuta. Mwezi haukuisha kabla hajapanda ngazi za ofisi ya Wasike, wakili kijana kutoka Bungoma aliyekodi chumba juu ya duka la simu, akamweleza shida yake. Wasike alimwambia kwamba hata watu waliokwisha kuoana wanaweza kuandikiana mkataba wa mali, hiki changu, hiki chako, wakatia sahihi, wakaendelea kuishi pamoja. Ebenyo aliteremka ngazi zile mwepesi.

Nyumbani alimwambia Akidor kwamba ni mambo ya siku hizi, kila mwenye ploti anafanya. Akidor alivaa gauni lake la kanisani wakaenda.

Mgawanyo wenyewe Ebenyo alikuwa ameshaupanga kichwani. Nyumba, ploti na pikapu vilikuwa vyake. Mifugo yote, mbuzi, kondoo na punda, waliopo na watakaozaliwa, ilikuwa ya Akidor. Mwaka ule mvua ilikuwa nzuri, majani yamepanda hadi magotini, na kwa macho ya wakili kutoka Bungoma mgawanyo ule haukuwa na ubaya. Ebenyo aliomba kiongezwe kipengele kimoja, kwamba hakuna atakayedai kilicho cha mwenzake, akiwa hai au amekufa. Alitamka maneno hayo kwa fahari, maana aliyafikiria mwenyewe.

Wasike akauliza kama ndoa yao ilikuwa ya kanisani au ya kimila. Ebenyo alijibu kwamba ni ya kimila na imekamilika kabisa. Hapo ndipo Akidor, ambaye mpaka wakati huo alikuwa amekunja mikono tu, alipofungua mdomo.

"Ng'ombe yangu bado," alimwambia wakili. "Huyu alileta mahari kidogo, akaacha. Wewe andika hapo, atamaliza mahari yangu na kuua ng'ombe ya arusi. Mimi nyumba sitaki. Nitaweka sahihi."

Ili kieleweke alichokuwa akiomba, ni lazima ijulikane kwamba kwa Waturkana mwanamke anaweza kumzalia mwanamume, kumjengea na kuzeeka naye, lakini kama mahari haijatimia na fahali wa arusi hajachomwa mkuki mbele ya ndugu zake, huyo bado ni binti wa kwao. Watoto wake nao ni wa kwao. Ukoo wa mumewe unamhesabu kuwa mgeni aliyekaa sana. Akidor alikuwa amekaa miaka ishirini. Kila alipokwenda Kakuma aliwakuta wadogo zake wamevaa shingoni pete ya chuma ya wanawake walioolewa, yeye hana, na shangazi zake hawakuacha kumkumbusha.

Wasike aliinua kalamu. Ebenyo alicheka kile kicheko cha mtu aliyevuliwa shati mbele ya wageni.

"Hiyo ni maneno ya boma, wakili, si ya ofisi. Ukiiandika hapo na kugonga muhuri, watu wataniona mtu wa aina gani? Mvua ikinyesha tena nitapeleka mifugo kwa Lokaale. Mama Christine anajua."

Wasike akamgeukia Akidor, akamwuliza kama ameridhika, na kama angependa kutafuta wakili wake mwenyewe kwanza. Akidor alimtazama mumewe kwa muda. Kisha alichukua kalamu akatia sahihi, kwa sababu alimwamini. Hakuna sababu nyingine, na msiitafute. Wala katika chumba kile hakuna aliyeuliza Ebenyo angeitoa wapi mifugo ya mahari, ikiwa mifugo yote imeshaandikwa kuwa ya yule anayepaswa kutolewa mahari.

Mvua haikunyesha tena. Msimu wa kwanza ulipita mkavu, wa pili ukapita, na upande wa Kakuma wenye mifugo mingi wakaiswaga kuelekea mpaka wa Uganda kutafuta malisho. Lokaale alikuwa na mguu mbovu, na Akidor hakutaka mbuzi wake waswagwe na wageni. Akawa anakaa Kakuma zaidi kuliko Lodwar. Alikata matawi, akawapa matunda ya miti ya mathenge aliyokwisha kuyatwanga, akawabeba wadogo mgongoni kama watoto wa watu. Siku moja alimpigia simu Ebenyo akamwomba alipie lori la maji, mara moja tu, ili wanyama wavuke mwezi.

"Mbuzi ni wako, Mama Christine," Ebenyo alimjibu. "Hata karatasi inasema."

Alisema kwa mzaha. Baadaye alimwapia kila aliyetaka kumsikiliza kwamba ulikuwa mzaha, na huenda ni kweli, ila lori hakulituma.

Basi Akidor alichimba. Wakati wa kiangazi watu wa kule huchimba visima ndani ya mchanga wa laga, na maji yanavyozidi kurudi chini ndivyo shimo linavyozidi kwenda chini, mpaka mtu akishuka haonekani tena na maji hupandishwa kwa karai kutoka mkono hadi mkono. Shimo la Akidor lilikuwa refu kuliko ya majirani, kwa kuwa mbuzi wake walikuwa wengi na hakutaka afe hata mmoja. Asubuhi moja, akiwa chini anachota, kuta za mchanga zilimwangukia. Walimchimbua kwa mikono, kwa sahani, kwa chochote kilichokuwapo, na walipomfikia jua lilikuwa limeshafika kichwani. Alikuwa bado ameshika karai.

Lokaale alipiga simu. Ebenyo aliendesha pikapu hadi Kakuma bila kusimama, akamfuta mkewe mchanga puani na masikioni kwa shati lake, akamleta mochari ya Lodwar. Alilia kweli, njia nzima, mtu mzima anayeendesha gari huku kamasi zinamtoka. Akakodi turubai, akawaarifu wanakwaya, akachagua mahali pa kaburi nyuma ya nyumba penye kivuli kidogo. Ndipo alipokwenda mochari na jeneza, akaambiwa kwamba mwili hautoki. Ndugu za marehemu walikuwa wamepita asubuhi kusema kwamba mwenye maiti bado hajapatikana.

Aliwakuta wamemtangulia nyumbani, Lokaale na wazee wa ukoo wake, wamekaa kwenye vigoda vyao chini ya turubai alilolikodi yeye. Chai walipewa, hawakuinywa. Christine, mtoto wake mkubwa aliyekuwa chuoni pale Lodwar, alikuwa amesimama mlangoni na mdogo wake Ekwam. Kitinda mimba wao, Apua, ambaye bado alikuwa na meno ya utotoni, alimkimbilia baba yake akamkumbatia mguu.

"Ejok, Ebenyo," Lokaale alimsalimu, kisha akaendelea kwa Kiturkana, polepole. "Tumekuja kumchukua binti yetu tukamzike kwetu. Na watoto wake tutaondoka nao. Hukumwoa. Ungemwoa, tungekuja hapa kumlilia pamoja nawe na kurudi zetu."

Ebenyo alisema atalipa. Alisema atalipa leo, watamke tu kiasi. Wazee walitazamana, na mmoja wao akamweleza, bila hasira, kwamba mahari ya Akidor haiji kwenye simu. Itakuja kwa miguu yake, mifugo mizima, yenye afya, igawanywe kwa wajomba na shangazi kama inavyopasa, na fahali achomwe mkuki mbele ya mama yake Akidor ambaye bado yu hai. Hapo ndipo mwili utatoka, na hapo ndipo watoto watakuwa wa Ebenyo.

Ebenyo akafurahi, maskini, maana alidhani ameona mlango. Akasema basi mambo ni rahisi, mbuzi wa Akidor wako kwa Lokaale tayari. Yeye ndiye mume, mkewe amefariki, mbuzi ni wake. Wahesabiwe hao hao.

Lokaale alimwita Christine, akamwomba alete ile karatasi ambayo mama yake aliihifadhi ndani ya Biblia, aisome kwa sauti, na awafasirie wazee. Christine aliisoma. Alipofika kwenye kipengele cha mwisho, kwamba hakuna atakayedai kilicho cha mwenzake akiwa hai au amekufa, alikirudia tena tangu mwanzo, ili wazee wasikie vizuri. Hakumtazama baba yake.

Kesho yake Ebenyo alipanda ngazi za Wasike, safari hii si mwepesi, akamtaka auvunje mkataba. Wakili alikuwa ameshasikia. Alimpa kiti, akamfungulia chupa ya maji, akamweleza kwamba angeweza kwenda kortini na huenda jaji angemsikiliza, lakini kesi za namna hiyo huchukua muda mrefu, na mwili hauwezi kungoja.

"Mkataba huu unavunjwa na waliouandika, wakikaa pamoja kama mlivyokaa hapa," Wasike alisema. "Mmoja wenu yuko mochari, mzee. Mimi siku ile nilikuwa tayari kuandika alichoomba."

Ebenyo akaenda sokoni. Alizunguka soko la mifugo la Lodwar, akaenda la Kakuma, akapiga simu Lokichar. Mifugo yenye nguvu ilikuwa imeswagwa kwenda mpakani, na iliyobaki ilisimama kwa kuegemezwa. Alinunua wachache kwa majaribio, akawapeleka kwa wazee. Wazee waliwashika mbavu, wakasema kwa adabu kwamba hawa si mahari, hawa ni ngozi. Ikawa wazi kwa kila mtu, na Ebenyo alikuwa wa mwisho kukubali, kwamba katika nchi nzima ile mbuzi waliostahili kuwa mahari ya Akidor walikuwa wale walionyweshwa na Akidor.

Lokaale ndiye aliyelitoa wazo. Walikuwa wawili tu nje ya lango la mochari, jua linachoma, harufu ya dawa inawafikia pale pale. Alisema atamwuzia mbuzi wale. Kama Akidor hakuwa ameolewa, basi vitu vyake ni vya nyumba ya baba yake, na yeye ndiye mkubwa wa nyumba hiyo. Ebenyo akawanunue, kisha awalete kwake kuwa mahari.

"Unataka nini?" Ebenyo aliuliza.

"Nyumba na ploti. Gari pia."

"Hiyo ni mali yangu yote, Lokaale."

"Hata yeye alitoa yote," Lokaale alisema. "Sifurahii kukuona hivi. Nilikuwa namsubiri mtu aje na mifugo kwa ajili ya dada yangu, nikasubiri mpaka nikamchimbua kwa mikono hii. Usiponunua sitakulaumu. Tutakwenda na watoto, wewe ubaki na vyumba vyako."

Ebenyo aliomba afikirie. Alikaa kwenye kochi sebuleni mwake mchana kutwa, mwenye nyumba yake, mwenye mawe aliyoyapanga mwenyewe jiwe kwa jiwe, na wala nusu hakuna aliyeitaka tena. Apua alikuja akajilaza juu ya kifua chake, akamwuliza kama mama huko aliko anapewa maji. Ebenyo akasema anapewa. Apua alilala pale pale, mdomo wazi, jasho likimlowesha baba yake shati. Ebenyo alijaribu kuifikiria nyumba ile bila uzito ule juu ya kifua chake, akashindwa. Nimeshasema hakuwa mtu mbaya. Alimwinua mtoto taratibu, akamlaza, akampigia simu Lokaale kumwambia kwamba amekubali.

Wasike aliandika mauziano. Sahihi ya Ebenyo haikufanana na ile ya kwenye hati ya nyumba, wakili akamwomba airudie.

Wazee wakaruhusu mwili utoke, na jeneza likapelekwa Kakuma kwa gari ambalo sasa lilikuwa la Lokaale. Waliliweka kivulini kando ya nyumba ya mama yake Akidor, bibi kizee aliyepofuka jicho moja, ambaye alikaa mkono wake ukiwa juu ya mbao. Watu walikuwa wamekusanyika wengi. Hawakujua waimbe nyimbo za arusi au waomboleze, basi wengine walianza hivi na wengine vile, kisha wote wakanyamaza.

Mbuzi walikuwa ndani ya zizi la Lokaale. Kwa kuwa mahari haiwezi kutoka ndani ya boma la anayepokea, ilibidi watolewe kwanza. Lokaale aliondoa miiba ya mlangoni, Ebenyo akawaswaga nje, akawapeleka mpaka kwenye mathenge ya kwanza, akawageuza, akawaleta tena kama mtu anayetoka safari. Mbuzi hawakuelewa. Walikuwa wamezoea sauti nyingine, wakawa wanarudi nyuma kumtafuta mwenye sauti hiyo, na mmoja mwekundu alikwenda moja kwa moja hadi kwenye jeneza akasimama. Wanawake walipoona hivyo ndipo kilio kilipopanda. Ebenyo aliendelea kuswaga kwa fimbo ya kuazima, akitazama chini, mpaka wa mwisho alipoingia na wazee wakasema imetosha, mahari imefika.

Fahali naye alikuwa wa Lokaale, sehemu ya mauziano yale yale. Ebenyo akapewa mkuki. Alichoma vibaya mara ya kwanza, mnyama akapiga magoti akainuka, na ikabidi achome tena. Wazee walikwishasema kwamba mama mtu ataweka pete. Bibi kizee alifunguliwa jeneza, akapapasa mpaka akaipata shingo ya binti yake, akamvisha ile pete ya chuma, akampaka mafuta kifuani juu ya gauni la kanisani. Alizungumza naye kwa sauti ya kawaida kabisa, akimwambia kwamba sasa ameolewa, aende kwa mumewe, awe mvumilivu. Ebenyo alisikia kila neno. Akaketi mchangani, akalia kwa sauti, akamwita Akidor, akamwomba radhi ya lori la maji mbele ya watu wote.

Baada ya nyama, Lokaale alisimama.

"Mke ni wako, shemeji," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo katika miaka yote ile. "Hakuna wa kukuzuia tena. Mchukue ukamzike kwako."

Watu walisubiri. Kule nyuma ya nyumba Kanamkemer, penye kivuli alichokichagua, palikuwa pa Lokaale. Alitazama huku na huku, kwenye boma la watu, kwenye nchi pana yenye mawe na miiba ambamo hapakuwa na hata futi moja aliyoweza kuiita yake. Mwishowe alimwendea Lokaale, akainamisha kichwa, akamwomba mahali pa kumzika mkewe. Lokaale alimwonyesha kando ya zizi. Vijana wakachimba, na Akidor akazikwa kwao, pale pale ambapo angezikwa kama asingeolewa.

Jioni ilipokaribia, kina Lokaale walijiandaa kuwarudisha watoto Lodwar. Ebenyo alijikung'uta vumbi, akamshika Apua mkono, akawaambia Christine na Ekwam wachukue vitu vyao, wanaondoka na baba yao. Alisema hivyo kwa nguvu, ili wazee wasikie, maana hilo angalau alikuwa amelilipia.

Christine hakusogea. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini alizungumza bila kulia, na kwa Kiswahili cha Lodwar walichozoea kuzungumza nyumbani.

"Sisi ni wako, baba. Wazee wamesema na hakuna mtu atabisha. Lakini mjomba amesema nyumba ni ya watoto wa mama, tukae hapo, kodi ya ploti itatusomesha. Amesema wewe usiingie. Kesho Ekwam na Apua wanaenda shule. Unataka tukufuate wapi?"

Ebenyo alifikiri. Alifikiri kwa bidii, akiwapitia kichwani watu aliowajengea, ndugu, marafiki wa hotelini, kila mlango aliowahi kuubisha. Watoto walisimama mbele yake wakimngojea aseme, na kama angetaja mahali popote huenda wangemfuata. Kisha Apua akauchomoa mkono wake polepole, akaenda kusimama karibu na dada yake. Gari lilipoondoka Ebenyo alikuwa bado hajajibu.